Bwana Hapana na Ua Lisilohifadhiwa

Jina alilopewa na wazazi wake lilikaa kabatini kama suti ya harusi: lipo, safi, halivaliwi. Mtaa mzima ulimwita Bwana Hapana. Cheche, fundi wa kuchomelea mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, alimsalimu kila asubuhi, "Bwana Hapana, umeamka salama?" kisha akajijibu mwenyewe kwa kuigiza sauti ya mwenzake, "Hapana!" na kucheka hadi miwani yake myeusi ikamteremka puani.

Mwenye jina hakukasirika. Lilikuwa neno la kazi, na mtu hakasirikii kazi yake.

Alikuwa fundi wa tarizi. Ukisikia tarizi usidhani ni mtu kaketi na kitambaa mapajani, ulimi nje, akilitafuta tundu la sindano. Hiyo ni tarizi ya bibi zetu, Mungu awarehemu. Karakana yao ilikuwa na mashine ndefu kama kitanda cha watu wawili, yenye safu ya sindano zilizopanda na kushuka kama kuku wanaodonoa mtama, na kando yake meza ya kompyuta. Mchoro unachorwa kwenye kompyuta, mashine inaufuata mshono kwa mshono, na jioni unapata mashuka ya hoteli yenye ua kila pembe, yote yanafanana kama pacha. Bwana Hapana alipanga nyuzi, akakaza kitambaa kwenye fremu, akafungua mchoro, akautuma kwenye mashine, akaufunga. Basi. Kuchora hakuchora. Kuchora ilikuwa kazi ya dada yake.

Na huyo dada! Alikuwa mkubwa wake kwa umri, kwa sauti na kwa kila kitu kinachopimika. Karakana ilikuwa yake, kompyuta yake, na ukimsikiliza vizuri ungeamini hata asubuhi ilikuwa yake na wengine tunaazimwa. Lakini haki ya mtu mpe. Mstari wake ulinyooka. Angekuchorea kamba ukutani kwa mkono mtupu, ukaanika nguo.

Neno hapana ndiye aliyelileta. Michoro mingi ya karakana ilizaliwa na ua moja, alilolitoa kwenye shuka kuukuu lililodariziwa na bibi yao. Alilichora kwenye kompyuta jani kwa jani, akaliita Ua Mama. Kila kazi ilianzia hapo: unalifungua, unalipunguza au kulitanua kadiri ya kitambaa, unalituma kwenye mashine, unalifunga. Na ukilifunga, kisanduku cha kijivu kinachomoza katikati ya kioo kama karani aliyeamshwa usingizini: kuna mabadiliko hayajahifadhiwa, uyahifadhi? Chini yake vitufe vitatu: Ndiyo, Hapana, Ghairi.

Siku moja, enzi zile bado akiitwa kwa jina lake la kabatini, alikuwa amelipunguza ua liingie kwenye mfuko wa shati, na katika kulipunguza akalikata shina bila kuona. Kisanduku kikamwuliza. Akajibu Ndiyo, kwa adabu, kama mtu aliyelelewa vizuri. Kesho yake mashine ikashona vitambaa vya meza vya hoteli nzima vyenye ua dogo lisilo na shina, linaelea kama kofia iliyochukuliwa na upepo. Ua Mama halikuwepo tena. Dada alirudi kwenye shuka la bibi, akaanza jani la kwanza.

Alipomaliza ndipo akatoa sheria.

"Ukiulizwa, sema hapana."

"Na kama nimefanya kitu kizuri?"

"Wewe?" dada akasema, na mjadala ukaishia hapo.

"Na hiki cha tatu, Ghairi?"

"Hicho ni cha watu wasiojua wanachotaka. Humu ndani tunajua."

Basi akasema hapana. Alisema hapana kila alipofunga mchoro, mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka kidole kikajua njia chenyewe kama punda anayerudi zizini. Kisha neno likatoka kidoleni likapanda mwilini. Akiongezwa chai: hapana. Akiombwa ushauri: hapana. Mke wake alipenda kusimulia kwamba yeye ndiye aliyeposa, tena kwa ujanja. Alimwuliza, "Una pingamizi nikiwa mke wako?" na mzee mzima akajibu alivyozoea. Wakaoana.

Usimcheke sana. Hofu ina namna yake ya kuvaa nguo za busara. Mtu aliyewahi kusema ndiyo moja ikaua ua la bibi yake ana haki ya kuliogopa neno hilo maisha yake yote.

Halafu macho ya dada yakaanza kuaga.

Yalianzia katikati. Doa la ukungu lilikaa pale pale anapotazama, akabaki kuona pembeni tu. Akikutazama usoni anaona masikio yako. Kwanza alificha, akawasingizia wauza balbu. Baadaye Bwana Hapana alimwona akimimina chai kando ya kikombe, kwa utulivu, kama mtu anayemwagilia meza. Ndipo binti wa dada akamshika mkono akampeleka kwa daktari, na daktari akasema macho yapasuliwe upesi. Huenda kitu kikaokolewa, huenda kisiokolewe. Alisema hivyo hivyo, bila kuzungusha.

Asubuhi ya siku ya kupasuliwa, dada alipitia karakana.

"Nimekuja kuiaga mashine," alisema, na hakuna aliyethubutu kuuliza mashine ipi.

Aliketi kwenye kompyuta, pua karibu na kioo, kichwa amekigeuza upande kama kuku anayechunguza punje, maana njia yake ya kuona ilikuwa hiyo ya ubavuni. Bwana Hapana alikuwa akitia sindano mafuta. Nyuma yake alisikia kipanya kikilia, ka, ka, ka, kikinyamaza, kikilia tena. Alidhani anajifariji tu. Binti alipokuja kumchukua, dada alikifunika kioo kwa kitambaa chake cha vumbi, akakipigapiga begani, kama kompyuta ina bega.

"Usisahau kufunika mashine," akamwambia mdogo wake.

"Hapana," akajibu. Wakaondoka.

Bwana Hapana hakushona kitu cha maana. Alitunga uzi, akautungua. Alifagia palipofagiwa. Jua lilipokuwa limeingia mlangoni hadi kwenye mguu wa mashine, mlio mkubwa ukatoka ng'ambo, kiii, Cheche akiunga geti zito kwa umeme wa mita moja na karakana, taa ikapepesa mara moja kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni, na umeme ukakatika jengo zima.

Chini ya meza, betri ya akiba ya kompyuta ikaanza kulia. Pii. Ikapumzika. Pii. Ilikuwa betri ya zamani, yenye pumzi fupi kama mzee anayepanda ngazi, na sheria yake aliijua hata usingizini: ikilia, funga kila kitu upesi, zima, la sivyo kompyuta itazimika yenyewe na kuumia. Alikitoa kitambaa. Akaona dirisha la mchoro limeachwa wazi, juu yake limeandikwa Ua Mama. Akapeleka kipanya pembeni, akalifunga.

Kisanduku cha kijivu kikachomoza. Kuna mabadiliko hayajahifadhiwa, uyahifadhi?

Kidole kilikwishaanza safari ya Hapana, kilikuwa kwenye kizingiti chake kabisa, macho yalipokamata kitu nyuma ya kisanduku. Jani. Na jani lile hakulijua. Yeye aliyelituma Ua Mama kwenye mashine mara nyingi kuliko alivyolitaja jina la mkewe, jani lile hakulijua. Kulia kwa kisanduku kulikuwa na jingine. Kisanduku kilikuwa kimekalia ua zima, na ua lile lilikuwa geni.

Ka, ka, ka ya asubuhi ikamrudia masikioni. Dada hakuwa akijifariji. Alikuwa akichora. Alilifungua Ua Mama, akachora juu yake, akaondoka bila kuhifadhi.

Waliosoma wana neno lao refu kwa hali iliyompata. Sisi tunasema aliganda. Mkono mmoja uliganda kwenye kipanya usije ukatenda, mwingine ukatafuta simu.

"Mjomba, shikamoo," mpwa wake alipokea.

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Yuko hapa kwenye benchi, tunasubiri kuitwa. Mbona unahema?"

"Umeme umekatika."

"Sasa mjomba, umeme ukikatika ndiyo unapiga simu hospitali?"

"Mpe mama yako!"

Simu ikakwaruzana na nguo, kisha sauti ikaja, ile ile, ya mwenye asubuhi. "Kuna nini? Umejishona kidole?"

"Dada, kuna ua hapa."

"Makubwa! Karakana ya maua, kumeonekana ua."

"Si Ua Mama. Ni jingine, umelichora ndani ya Ua Mama. Sasa kompyuta inaniuliza."

Betri ikalia.

"Hiyo ni betri?"

"Betri, dada."

"Sasa unangoja nini? Sheria unaijua. Bonyeza hapana."

"Lakini dada..."

"Takataka hiyo. Nilikuwa napapasa, sikuwa nikiona ninachochora. Hebu sema kweli. Limepinda?"

Alichungulia pembeni ya kisanduku, kushoto, kulia. Kusema uongo hakujua, na hata angejua, kwa dada yake angekamatwa. "Limepinda."

"Eeh."

"Limepinda vizuri."

"Msumari uliopinda vizuri umeuona wapi wewe? Bonyeza hapana. Macho yakirudi nitachora lingine."

"Na yasiporudi?"

Neno lilimtoka kama kikohozi. Angelivuta lirudi kama lingekuwa na mkia. Upande wa pili alisikia kiti cha magurudumu kikipita, viatu, mtu akiita jina la mtu mwingine.

"Yasiporudi," dada akasema, na sauti ilikuwa imeshuka chini, "sitaki la mwisho kutoka mkononi mwangu liwe kombo. Watu wananijua kwa mstari. Waniache nao. Bonyeza hapana, mdogo wangu."

Mdogo wangu. Tangu wazikwe wazazi wao hakuwahi kumwita hivyo, na ndilo lililomtisha kuliko betri. Kisha ikasikika sauti ya muuguzi, ikasikika ya mpwa, "Mjomba, wanamchukua," na simu ikakatika.

Pii. Pii. Sasa ililia bila kupumzika sana.

Akabaki na vitufe vitatu. Akisema Ndiyo, ua la dada linakaa mahali pa Ua Mama, na ua la bibi linakufa mara ya pili, tena kwa mkono ule ule. Akisema Hapana, anamtii dada, na ua lake la mwisho linafutika kana kwamba asubuhi ile hakuketi pale, hakukunja shingo, hakuona chochote. Asiposema kitu, betri itasema kwa niaba yake, na betri haina huruma ya ndugu. Alikumbuka chai ikimwagika kando ya kikombe, na dada akiendelea kumimina kwa heshima zote.

"Nisamehe, dada," akaiambia kompyuta, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akabonyeza Ghairi.

Hakuna kilichokufa. Kisanduku kiliondoka tu, kama karani aliyeambiwa subiri kidogo, na ua likabaki wazi.

Lilikuwa ua la mtu anayeona pembeni. Katikati palikuwa na mishono michache, karibu patupu, lakini kingo za majani zilijazwa nene, mstari juu ya mstari, kana kwamba upepo ulitokea ndani ya ua ukayasukuma majani nje. Shina lilikuwa refu mno. Lilianza limenyooka, likapotea njia, likajipapasa, likarudi. Bwana Hapana alikuwa ameshona maua mazuri tangu ujana wake na hakuna hata moja lililowahi kumsimamisha hivi.

Alikuwa amemwona dada akizipa kazi mpya majina yake. Alijua ni neno la juu pembeni, linashusha orodha, na ndani ya orodha mna hifadhi kwa jina jingine. Ni la ngapi? Hakuwahi kutazama, maana halikuwa lake. Akashusha orodha. Kipanya kiliruka naye kama panya kweli, akabonyeza la chini, na kompyuta ikamwuliza anataka kurasa ngapi zichapishwe. "Sitaki!" Akaifunga. Orodha tena. Siyo hiyo, ni ya jirani yake. Ua likapinduka miguu juu. Akapiga yowe. Cheche ng'ambo akaitikia, "Eeh?" Bwana Hapana akatengua, ua likasimama, betri ikawa inalia mfululizo kama mtoto aliyechoka kubembelezwa. Orodha. La kwanza, la pili, hifadhi, chini yake. Hilo!

Kidirisha kikafunguka, kikataka jina. Jina! Majina alitoa dada. Akaandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama aliyeangusha sindano: ua la da... Betri ikakata sauti ghafla, naye akapiga kitufe kikubwa cha pembeni, kile cha kukubali, kwa ngumi nzima, na kioo kikawa cheusi.

Akabaki akijitazama kwenye ule weusi. Je, ngumi ilitangulia au giza? Hakujua. Hakika hakujua.

Alitoka nje. Cheche alikuwa amesimama mlangoni pake, miwani kichwani, sura ya mtu aliyevunja sahani ya mgeni.

"Nilikuwa namalizia bawaba tu," akasema. "Swichi kubwa imeruka. Mwenye ufunguo wa chumba cha mita kaenda kula. Nimekuharibia?"

"Sijui."

Cheche akamtazama tena. Hakuwa amewahi kusikia jibu lingine kutoka kwenye mdomo ule. Hakutania. Alivuta stuli mbili, akamketisha kwenye moja, akaketi kwenye nyingine, na wakakaa wakitazama mlango wa chumba cha mita kama watu wanaosubiri daktari atoke. Na mmoja wao, kusema kweli, alikuwa akisubiri madaktari wawili.

Mwenye ufunguo alirudi akichokoa meno. Nusura Cheche ambebe mgongoni.

Umeme uliporudi, kompyuta ilijivuta kuamka, ikatafakari, ikaonyesha picha ya maji na milima ambayo hakuna aliyeiomba, ikatafakari tena. Bwana Hapana alisimama, kukaa hakuwezi. Akafungua orodha ya michoro. Ua Mama lilikuwepo. Akalifungua: shina lake, majani yake, zima lenye afya. Akalifunga, na kwa kuwa hakuligusa halikuuliza kitu. Macho yakashuka chini yake kwa woga.

Ua la da.

Akalifungua. Likaja na shina lake lililopotea njia na kurudi. Cheche, aliyekuwa amesimama nyuma bila kukaribishwa, akasema taratibu, "Hilo nani kalichora? Linapumua." Bwana Hapana alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, mkono juu ya ile betri mbovu, akiipapasa kama mbwa mwema.

Simu ililia jua likiwa limetoka mlangoni.

"Mjomba, wamemaliza. Wamemfunga bendeji. Hawasemi kitu mpaka itolewe." Akashusha sauti. "Hajala, hajauliza chakula. Anauliza tu kama ulibonyeza hapana."

"Mwambie sikubonyeza."

Akasikia mpwa akiupeleka ujumbe, kisha sauti ya dada kutoka mbali, imelegea kwa dawa lakini bado ni ya mwenye asubuhi: "Mpumbavu." Halafu, baada ya kidogo: "Na Ua Mama?"

"Lipo, dada!" alipiga kelele ndani ya simu hadi Cheche akaruka. "Lipo zima!"

Bendeji ilipotolewa, jicho la kushoto lilikuwa limekwenda moja kwa moja. La kulia lilibakiza kidogo, ukungu wake umepungua lakini haukuondoka. Daktari aliita hayo mafanikio, na dada akamwuliza kama kwao wanashona kwa jicho moja.

Siku aliyorudi karakana, Bwana Hapana alikuwa amelishona lile ua kwenye kitambaa cheupe kwa uzi mzito wa bluu, amelilaza juu ya meza. Dada alilileta karibu na pua, akageuza kichwa, akajaribu upande huu, akajaribu ule. Kisha akaacha macho. Alipitisha dole gumba kwenye kingo zilizojaa, akaingia katikati pale patupu, akakaa hapo muda, akashuka na shina hadi pale lilipopotea. Dole gumba likapotea nalo, likarudi nalo.

"Shina limepinda," akasema.

"Limepinda."

"Nifungulie kompyuta nilinyooshe."

Bwana Hapana akasogea, akasimama kati ya dada yake na meza.

"Hapana," akasema.

Dada akainua uso, akamtazama masikio.

"Neno hilo nani kakufundisha?"

"Wewe, dada."

Cheche ng'ambo alikuwa amezima moto wake ili asikie vizuri. Dada akakishika kitambaa, akakikunja kwa nne, akakitia kwenye mkoba wake, akaketi kwenye kiti cha kompyuta akimpa kompyuta mgongo.

"Basi weka uzi tushone kazi za watu," akasema. "Na si huo wa bluu. Huo hata mimi nauona mbaya."